Mama ana laki mbili na arobaini za kikundi, anaogopa kununua mbuzi asije akatolewa TASAF. Naombeni ushauri

BintiMakere

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naandika nikiwa Mwanza kikazi, lakini nyumbani ni Kasulu, upande wa Makere. Mama yangu ana miaka 58 na analea wajukuu watatu walioachwa na marehemu dada yangu. Yuko kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, tangu 2021.

Kabla ya hapo alikuwa akilima vibarua kwenye mashamba ya maharage ya watu na kulipwa debe, wakati mwingine nusu debe. Msimu wa kupanda ukifika shamba lake mwenyewe linalala, kwa sababu yuko kwa wenzake anatafuta chakula cha siku hiyo. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma kuliko yote. Ardhi anayo, ila muda wa kuilima hana.

Ruzuku zilipoanza, hela ya kwanza iliisha kwenye sare, madaftari na sabuni. Ya pili akanunua jembe jipya na mbegu, akalima kwake kwa wakati. Ni hela ndogo, inakuja kila baada ya miezi miwili, lakini mwaka ule ndio wa kwanza kumsikia mama akisema "maharage yangu". Akaongeza na ajira za muda, walikuwa wanatengeneza barabara ya kijiji, na walengwa wenzake, yaani wanaopokea ruzuku kama yeye, wakaunda kikundi cha kuweka akiba. Hisa moja 1,000, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Desemba wamevunja sanduku na kugawana, mama kapata 240,000. Hajawahi kushika hela hiyo kwa mkupuo maishani mwake.

Sasa maneno yameanza. Mimi nataka anunue mbuzi. Mjomba anataka akopeshwe amalizie marejesho ya bodaboda, anaahidi kumpa mama 15,000 kila wiki. Nyumba ni ya nyasi na inavuja. Mama mwenyewe hataki kununua chochote kinachoonekana. Anasema wakija kuhakiki wakakuta mbuzi watasema ametajirika, watamtoa, na watoto watakosa madaftari. Hela kaifunga kwenye kanga, iko chini ya godoro.

Nimshauri nini?

Mkulima_Buhigwe

Dada, pole kwa msiba wa dada yako, na hongera kwa mama. Kitu kimoja tu kwa leo: hela isiende kwenye bodaboda. Simsemi mjomba vibaya. Ila ahadi ya kila wiki kati ya kaka na dada haina mtu wa kuisimamia. Wiki ya tatu pikipiki inaharibika, ya nne kuna msiba, na mama yako atashindwa kumdai kaka yake mbele ya watu.

Kivuko

Mama yako ana akili. Anunue mbuzi ila wakae kwa jirani anayemwamini. Akishatolewa kwenye orodha, kurudi ni kazi.

Nyuki_wa_Sikonge

Kivuko, naomba nikupinge ndugu yangu, na nitaeleza kwa nini.

Mama yangu mdogo yuko kwetu Sikonge. Naye alikuwa mlengwa, naye aliogopa hivyo hivyo. Alinunua mbuzi watatu akawapeleka kwa jirani, kijiji cha pili, rafiki yake wa kanisani. Walizaa wakafika sita. Ukaja mwaka wa shida, jirani akaanza kuuza mmoja mmoja. Mama mdogo alipouliza akaambiwa wamekufa. Aende kushtaki wapi? Kwa mwenyekiti, aseme mbuzi ni wake aliowaficha? Alinyamaza. Wale mbuzi sita wangeweza kumnunulia mizinga, kwetu asali ndiyo hela, na hadi leo anafuga kuku wanne.

Mali uliyoificha huwezi kuitetea. Usiku ikiibwa, hupigi yowe. Ukifa, watoto hawajui pa kuidai. Mama asifiche.

Mwezeshaji_Mstaafu

Nilifanya kazi ya uwezeshaji katika vijiji kwa miaka kadhaa, nimeshastaafu, kwa hiyo nazungumza kama mtu binafsi.

Binti, hofu ya mama naifahamu. Nimeketi kwenye nyumba nyingi ambako kuku walikuwa wanafukuzwa nyuma ya nyumba sisi tukifika. Lakini hofu hiyo inakwenda kinyume na kazi yenyewe ya mpango. TASAF ilianza mwaka 2000 kwa kujenga miradi ya jamii kama madarasa na zahanati. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ukaja na awamu ya tatu mwaka 2012, na kipindi chake cha pili kikazinduliwa 2020. Humo ndani ruzuku ni mguu mmoja tu. Kuna ajira za muda, ambazo mama amezifanya, na kuna kukuza uchumi wa kaya, ndiko viliko vikundi vya akiba, mafunzo ya biashara na ruzuku ya uzalishaji kwa walioandaa mpango wao vizuri. Mbuzi wa mlengwa si kosa lake. Ndiyo kazi iliyotarajiwa ifanywe na hela hiyo.

Kabla ya kwenda nchi nzima, ruzuku ilijaribiwa kuanzia 2010 Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Tathmini ilipofanyika, kaya zilizopokea zilikutwa zimeongeza mbuzi na kuku, watoto wamenunuliwa viatu, na wengi wamejiunga na mfuko wa afya ya jamii, CHF. Yaani mtu maskini alipopewa hela bila kuambiwa anunue nini, alinunua mifugo na akajikinga na ugonjwa. Hayo anayoyataka moyoni mama yako ndiyo waliyoyafanya wenzake.

Kuhusu kutolewa, nisimdanganye. Kaya huhakikiwa, na iliyoimarika kweli huhitimu ili nafasi iende kwa mwingine. Lakini mbuzi wawili kwenye nyumba ya nyasi yenye wajukuu watatu si utajiri. Masharti anayopaswa kuyashika ni mengine: mahudhurio ya shule yasiyopungua asilimia 80, na watoto wadogo kliniki. Hayo ndiyo ayalinde. Mwezeshaji akija, amwonyeshe mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, na amuulize habari ya mafunzo na ruzuku ya uzalishaji.

Na hela itoke chini ya godoro leo. Nyumba ya nyasi, koroboi, watoto watatu.

DaktariMifugo

Kama ni mbuzi, asimalize hela yote kwa mbuzi. Naona watu wananunua wanne, wanakosa ya dawa, wanabaki na mmoja.

Majike wawili wanamtosha kuanzia. Dume asinunue, kijijini madume wapo. Achague jike aliyekwisha kuzaa mara moja, aangalie meno, kiwele chenye chuchu mbili nzima, na aulize kwa nini anauzwa. Mimba ni miezi mitano, kwa hiyo ndani ya mwaka ataona watoto. Banda liinuliwe kutoka ardhini, sakafu ya fito zenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini. Mvua za Kigoma ni nyingi, na mbuzi akilala kwenye tope miguu inaoza na mapafu yanashika homa. Kinyesi hicho ndiyo mbolea ya shamba la maharage. Kuna ugonjwa wa sotoka ya mbuzi na kondoo, kwa hiyo amuulize afisa mifugo wa kata kuhusu chanjo mapema kabla hajanunua.

Kama ana kuku wa kienyeji, kideri ndicho kinachomaliza kuku kijiji kizima kwa wiki moja. Chanjo yake ni tone moja kwenye jicho, inarudiwa kila miezi mitatu. Wajiunge walengwa kumi, wanunue kichupa kimoja na kuchanja pamoja siku moja.

BintiMakere

Nashukuru sana, Mungu awabariki. Nimempigia mama nikamsomea haya ya Sikonge, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Na hao mbuzi hakuwapata tena?" Nikamwambia hapana.

Swali la paa limebaki. Mvua ikinyesha usiku anawaamsha watoto anawahamishia kona moja. Na kuna majirani ambao hawakuingia kwenye mpango, wanasema hela hizi zinapandisha bei na zinaleta uvivu. Anaumia akisikia.

Mwalimu_Ziwani

Nimefundisha Kenya karibu na Siaya, nikwambie nilichokiona huko. Kuna shirika linaitwa GiveDirectly lililopeleka hela moja kwa moja kwenye simu za kaya maskini, kama dola 1,000 kwa kaya, bila masharti. Kitu cha kwanza ambacho jicho linakiona ukipita vijiji vile ni mabati. Wageni walishangaa, wakasema bati si biashara. Lakini aliyelala chini ya nyasi anajua hesabu yake: nyasi unazikata, unazisomba na kumlipa mtu aezeke, na baada ya muda mfupi unaanza upya. Bati linaikata gharama hiyo kwa miaka.

Kuhusu majirani. Watafiti walifuatilia jambo hilo hilo huko Siaya, vijiji 653, kaya zaidi ya elfu kumi zilizopewa. Bei zilipanda kidogo mno, chini ya asilimia moja, na hata kaya ambazo hazikupewa kitu zilinufaika, kwa sababu waliopewa walinunua kwenye maduka ya hapo hapo na kuwaajiri mafundi wa hapo hapo. Fundi aliyeezeka, muuza mihogo, mwenye cherehani, wote walipata. Na uvivu haukuonekana. Mama alipoacha vibarua akalima kwake, alikuwa mvivu?

Ila usiyachukue ya Siaya kama yalivyo. Wale walipata kiasi kikubwa mara moja. Kwa laki mbili na arobaini paa halikamiliki. Akinunua mabati matano yatakaa ndani yakisubiri. Paa lije na hela ya mbuzi.

MamaWawili_Uvinza

Nimesoma yote. Mmemjibu binti, mmemjibu mjomba, mmewajibu majirani. Aliyezibeba hela hizo mgongoni akichimba mitaro ya barabara ameulizwa anataka nini?

Mimi pia ni mlengwa, naandikiwa na mwanangu. Hela hii uzuri wake ni kwamba inafika mkononi mwangu, na mimi ndiye ninayejua leo chumvi imeisha au mtoto anakohoa. Misaada mingine niliyowahi kupata iliamuliwa na mtu mwingine. Niliwahi kupewa ndoo nikiwa na ndoo.

Binti, mama yako anayajua maharage kuliko mbuzi. Sasa ni Januari, maharage yanavunwa na bei iko chini. Mimi hununua debe mbili tatu, nazihifadhi kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu. Ukiifunga vizuri hewa haingii na fukusi wanakufa bila dawa. Nauza watu wanapotafuta mbegu. Hakuna anayekuja kuhesabu maharage, na hayafi kwa homa. Lakini muulize kwanza, halafu unyamaze asikike yeye.

Mkulima_Buhigwe

Mama Uvinza umesema. Hata mimi sikuuliza.

BintiMakere

Wapendwa, narudi na mrejesho, zimepita wiki tatu.

Nilimuuliza mama nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Aliongea karibu nusu saa. Kumbe ana hesabu zake zote kichwani, alikuwa hajapata wa kumsikiliza. Amenunua majike wawili kwa 130,000 kwenye mnada, mmoja ana mimba. Fito za banda amekata mwenyewe, misumari 8,000. Maharage debe mbili, 56,000, na mfuko wa kinga njaa 5,000. Blanketi la watoto 15,000, hilo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Zilizobaki, 26,000, amezirudisha kikundini mzunguko mpya ulipoanza.

Kwa mjomba alikwenda mwenyewe. Alimwambia hana ya kukopesha, ila mbuzi wakizaa atampa jike mmoja afuge. Mjomba alinuna siku mbili, ya tatu akaja kusaidia kuinua banda.

Mwezeshaji alipofika, mama alimshika mkono akampeleka bandani. Wameandika jina lake kwenye orodha ya mafunzo ya biashara. Alinipigia jioni ile ile, nikasikia mbuzi wanalia nyuma yake, akasema, "Unawasikia? Wako kwangu."

DaktariMifugo, yule mwenye mimba ameanza kukohoa kidogo tangu jana. Nifanyeje?

DaktariMifugo

Amtenge na mwenzake leo, alale pakavu pasipo na upepo. Aangalie kama ana makamasi, kuharisha au vidonda mdomoni. Asimpe dawa yoyote ya dukani kwa kukisia, ana mimba. Asubuhi amwite afisa mifugo wa kata, kisha uniandikie hapa amesema nini.