Kufyonza, mvuke, maji au dawa: kipi hasa kinapunguza aleji ya makochi majira ya baridi?

tausi_22
Wakuu, naomba tulinganishe. Baridi ikianza madirisha hufungwa, hita huwashwa, na mwenye aleji ya vumbi hapo nyumbani haishiwi chafya wala pua kuziba. Kochi ni la watu watatu, kitambaa cha poliesta, mito ya kukalia ina zipu. Kuna na kiti kimoja cha mahameli. Paka analala humo humo. Chaguo ninazoziona ni nne: kufyonza vumbi tu, mashine ya mvuke, mashine ya kuosha kwa maji, na dawa za kuua wadudu wa vumbi. Ipi ianze, na ipi ni kutupa hela?

FundiKitambaa
Mkuu, anza na kinacholeta aleji, maana ndicho kinachoamua mashine. Utitiri wa vumbi ni mdudu wa milimita 0.2 hadi 0.3 anayekula magamba ya ngozi yetu. Hang'ati mtu. Kinachosumbua ni protini zilizomo kwenye kinyesi chake na mabaki ya mwili wake. Kwa hiyo ukiwaua wote leo na kuwaacha walipo, kochi litaendelea kumpigisha mtu chafya. Wadudu hawa huzaana zaidi miezi ya joto na unyevu. Baridi inapofika shehena yao ya kinyesi iko tayari kitambaani, na nyumba imefungwa.

Kinyesi chenyewe ni chembe nzito, mikroni 10 hadi 40. Kinatulia kitambaani, kinaruka mtu akijibwaga kwenye kochi, kisha kinashuka tena baada ya nusu saa hivi. Ya paka ni habari nyingine: protini yake husafiri kwenye chembe ndogo sana, nyingine chini ya mikroni 5, nazo huelea hewani kwa saa nyingi.

Kufyonza ndiko kunakoanza, uchague lolote baadaye. Toa mito yote. Tumia kichwa kidogo chenye brashi inayozungushwa na mota kwenye poliesta, na kile chembamba kwenye mapengo na mishono. Kila mstari upite mara nne, mbili kwa urefu na mbili kwa upana, polepole. Mto mmoja unataka kama dakika mbili kila upande. Usisahau mgongo wa kochi na kile kitambaa cheusi cha chini. Huko vumbi hukaa bila kuguswa tangu kochi liliponunuliwa.

Mashine yenyewe iwe na mfuko na chujio la HEPA, yaani lile linalonasa chembe ndogo sana, daraja la H13 likipatikana. Halafu angalia mpira wa mfuniko: ukiona mstari wa vumbi laini pembeni ya mfuniko au kwenye tundu la kutolea hewa, hewa inapita kando ya chujio, na mashine hiyo inatawanya chembe zile zile unazozifuata. Badilisha mfuko ukifika theluthi mbili. Majira ya baridi fyonza kochi hivi kila wiki.

mvuke_mkavu
Naunga mkono kufyonza, ila mvuke usidharauliwe. Utitiri hufa kwenye nyuzi 55 hadi 60, na kufyonza peke yake kunawaacha wengi hai kwa sababu wanajishikiza kwenye nyuzi za kitambaa. Tatizo ni namna watu wanavyoutumia: wanapitisha kichwa cha mvuke haraka kama pasi. Mvuke ukiwa nyuzi 100 mdomoni, kitambaa kinaweza kubaki vuguvugu tu. Shikilia kichwa karibu kabisa na kitambaa na usogee taratibu mno, eneo la ukubwa wa kiganja kwa sekunde 15 hadi 20. Ukiwa na kipimajoto cha miale, kile kinachopima bila kugusa, pima kitambaa mara tu kichwa kinapoondoka. Chini ya 60 rudia.

Kabla ya kuanza, puliza kwanza kwenye tambara mpaka matone yaishe, la sivyo utaacha madoa ya maji. Doa la damu au maziwa litolewe kwanza kwa maji baridi, maana joto huligandisha. Na gundi ya kwenye kingo za mbao inaweza kuachia, hivyo huko usikae.

FundiKitambaa
Sawa, lakini tuseme yote. Mvuke haufiki ndani ya sponji, na mzoga unabaki pale pale. Joto linavunja sehemu ya protini za utitiri, si zote; kati ya zile kuu mbili, iitwayo Der p 1 huathirika zaidi, na Der p 2 ni ngumu kuvunjika. Ukishapiga mvuke na kochi likakauka, lazima ufyonze tena. Ukiruka hatua hiyo umefanya nusu ya kazi.

Zuhura_K
Kwa nyumba yenye paka mimi naiweka mashine ya maji juu ya mvuke. Protini ya paka na ya utitiri zote huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo zinatoka na maji machafu badala ya kubaki. Ila hii ndiyo njia yenye makosa mengi kuliko zote.

Soma lebo kwanza. W ni maji, S ni kimiminika kisicho na maji, WS vyote viwili, X ni kufyonza tu. Jaribu mahali palipojificha, futa kwa kitambaa cheupe, subiri pakauke ndipo uamue.

Fyonza kabla ya maji, vinginevyo vumbi linageuka tope ndani ya kitambaa. Nyunyiza sabuni isiyo kali, kidogo kuliko unavyodhani, sugua kwa brashi laini, acha dakika 5 hadi 10. Kisha pita mara moja ukinyunyiza maji, na mara mbili au tatu ukifyonza tu, mpaka usione maji yakikimbia kwenye kichwa cha plastiki. Suuza kwa maji matupu hadi povu liishe. Sabuni iliyobaki hunata na kukusanya uchafu upya. Fanya paneli nzima, mshono hadi mshono. Ukisafisha duara katikati, pamba na kitani hubaki na pete ya kahawia ukingoni mwa sehemu iliyolowa.

Kukausha ndiko kunakoangusha watu majira ya baridi. Simamisha mito kwa ubavu, feni iipulize, hita iwake, na kama ipo mashine ya kupunguza unyevu iendeshwe mlango umefungwa. Lengo ni kukauka ndani ya saa 24. Sponji ikipita saa 48 ikiwa bado na maji, unakaribisha ukungu, na ukungu nao ni aleji.

tausi_22
Asante dada Zuhura. Na kile kiti cha mahameli? Na dawa mbona hamzisemi?

Zuhura_K
Mahameli ya viskosi usiyaguse kwa maji wala mvuke. Manyoya hulala na hayainuki tena. Brashi laini ya kufyonza, kufuata upande wa manyoya, basi. Ya poliesta yanavumilia unyevu kidogo.

Dawa: zenye benzili benzoeti zinaua utitiri, lakini ni habari ile ile ya mzoga, na lazima zisuguliwe ndani kisha zifyonzwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Asidi ya taniki haiui mdudu, inavunja protini. Huacha rangi ya manjano au kahawia kwenye vitambaa vyeupe, na kochi lenye protini nyingi za paka huimaliza nguvu haraka. Zenye pemethrini ondoa kabisa kwenye orodha yako, ni sumu kwa paka. Magadi ya kuokea yanaondoa harufu tu, na unga wake huziba chujio.

nyuzi60
Mmesahau zipu. Foronya za mito zikiruhusu, zifuliwe kwa nyuzi 60. Hiyo inaua na kuondoa kwa pamoja, hakuna mashine ya kochi inayofikia hapo. Shida ni kusinyaa: lebo ikisema 30 au 40, fua kwa joto hilo, protini nyingi zitatoka hata kama baadhi ya wadudu watapona. Mito midogo isiyofulika ifungwe kwenye mfuko wa plastiki, ikae kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 48, kisha ifyonzwe.

Pia nunua kipima unyevu. Utitiri hanywi, hupata maji kutoka hewani. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 kwa wiki kadhaa hukauka. Kwa bahati nzuri hewa ya nje ya baridi ina maji machache, hivyo kufungua madirisha wazi dakika 5 hadi 10 mara mbili tatu kwa siku kunashusha unyevu bila kupoza kuta. Wanaowasha mashine ya kuongeza unyevu usiku kucha kwa sababu koo limekauka wanawalisha wadudu. Asilimia 40 hadi 50 inatosha koo na inawanyima wao.

mvuke_mkavu
Nyongeza kwa tausi: mwenye aleji asiwe ndiye anayefyonza. Ikibidi, avae barakoa ya FFP2 au N95. Akitoka, arudi chumbani baada ya saa moja. Kwa aleji ya paka aongeze muda na afungue dirisha. Mfuko wa mashine utolewe nje ya nyumba, na paka asirudi kochini mpaka kitambaa kikauke.