Perege, kambale, besi au trauti: nianze na yupi?

ChamboMoja: Wakuu, habari zenu. Nimepata fimbo, rili na nailoni inayohimili kilo nne, na Jumamosi zangu ziko wazi. Navua kwa starehe tu. Kila mtu humu anamsifia samaki wake, sasa mimi nisiyejua kitu nianze na yupi? Bwawa ninaloendea limetulia, lina joto na majani mengi.

NdoanaNdogo: Trauti mtoe kwanza. Yule anataka maji baridi yenye hewa nyingi. Yakipita nyuzi 20 anaanza kutaabika.

Anza na perege. Anakula mchana na mara nyingi hukaa karibu na ukingo. Ila mdomo wake mdogo, na hapo ndipo wageni wanapokosea: wanafunga ndoana kubwa, anadonoa chambo pembeni na kukuachia chuma kitupu. Chukua namba 10 au 12 (namba ikipanda ndoana inapungua, usichanganyikiwe dukani). Kipande cha mnyoo kisizidi ukucha wa kidole chako cha mwisho. Boya la perege halizami kwa kishindo. Linatetemeka, linatulia, kisha linaanza kwenda upande taratibu kama limesukumwa na upepo, na upepo wenyewe haupo. Hapo inua fimbo.

UsikuKucha: Perege atakuchezea akili mpaka uchoke. Mpe kijana kambale. Chambo chenye harufu kali, chubwi ikilaze chini, jua likishazama. Anatafuta chakula kwa ndevu na kunusa kuliko kwa macho, kwa hiyo maji ya tope hayamsumbui. Akichukua huna haja ya kukodolea boya, fimbo itakwambia yenyewe.

NdoanaNdogo: Na miba mkuu? Mbona umeiruka?

UsikuKucha: Haya, nakiri. Mapezi ya kifuani yana miba migumu na huisimamisha akishikwa. Mwaka wangu wa kwanza nilimkamata kama ninavyokamata perege, mmoja ukaingia chini ya kidole gumba. Siku tatu nilishindwa kufunga vifungo vya shati. Mshike nyuma ya kichwa, vidole vikae nyuma ya miba.

Halafu ndoo ifunikwe. Yule ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, nchi kavu si kifo chake cha mara moja. Wangu nilimkuta hatua kumi kutoka kwenye ndoo, anajikokota juu ya umande kuelekea bwawani. Nikamwacha, safari ile alikuwa ameifanyia kazi.

MamaWawili: Jamani, bwawa la majani na hakuna anayemtaja besi? Besi mdomo mkubwa ni mviziaji, anajibanza kivulini penye gogo au pembeni mwa majani. Unatupa chambo bandia, unavuta, unasimama, na mara nyingi anagonga pale unaposimama. Asili yake Amerika Kaskazini, ingawa amepelekwa nchi nyingi, kwa hiyo uliza kwanza kama yumo. Rekodi ya dunia ni ya mvuvi George Perry, alivua wa kilo 10 na ushee huko Georgia, Marekani, mwaka 1932. Mwaka 2009 Manabu Kurita akampata mwingine Ziwa Biwa, Japani, amezidi gramu chache tu, ikahesabiwa sare.

NdoanaNdogo: Dada, kwa nailoni ya kilo nne? Akijizungusha kwenye majani mara moja tu, kwaheri.

MamaWawili: Hilo sibishi. Abadilishe nailoni.

ChamboMoja: Na nikitaka kumrudisha majini?

NdoanaNdogo: Lowesha mikono kabla ya kumgusa, usimtoe ute. Kile kijimwiba cha ndoana kibane na koleo kabla hujaanza, itatoka kirahisi. Akiimeza mbali usivute, kata mshipi. Na ukiona mashimo ya mviringo kama sahani kwenye kina kifupi, hivyo ni viota vya perege, sogea pengine. Aina nyingi jike huatamia mayai mdomoni, ukimvua huyatema yote.

ChamboMoja: Asanteni sana. Jumamosi naanza na perege mchana, giza likiingia nahamia kwa kambale. Besi atasubiri nailoni nene.

UsikuKucha: Funika ndoo.