Ushauri wa haraka: msingi Kigoma, nondo za mm 12 au 16?

Mwanaujiji: Wakuu, heshima kwenu. Najenga nyumba ya vyumba vinne hapa Kigoma. Nikikumbuka tetemeko la Desemba 5, 2005, lile la 6.8 lililotokea ziwani, nakosa usingizi. Nondo za msingi ziwe mm 12 au 16? Zege linamwagwa Jumamosi.

Nondo_na_Ringi: Nyumba ya chini, mm 12 nne zinatosha, ringi za kuzifunga pamoja za mm 8 kila sentimita 20. Ncha za ringi zikunjwe ziingie ndani ya zege. Zikiachwa pembe mraba, mtikisiko unazifungua.

Udongo_Kwanza: Kiwanja kiko wapi, na maji unayakuta kina gani?

Mwanaujiji: Kibirizi, karibu na ziwa. Mchanga mtupu, maji mita 1. Ila nimeshalipia, na nondo naongeza.

Mama_Mazingira: Karibu kiasi gani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ukingo wa ziwa. Tuheshimu ufukwe jamani.

Udongo_Kwanza: Ndugu, nondo hazishiki udongo. Mchanga mlegevu uliojaa maji ukitikiswa, chembe zinataka kujipanga zibanane, maji yaliyo katikati hayapati muda wa kutoka, yanazibeba. Ardhi inakuwa uji. Niigata, Japani, mwaka 1964, maghorofa yalilala ubavu kuta zikiwa nzima! Karo la maji taka likiwa tupu nalo huibuka juu.

Mdadisi: Uzi wa kutunga huu. Maji mita 1, mchanga mtupu, halafu mfereji wa msingi umesimama hadi Jumamosi?

Mwanaujiji: Sijatunga kaka. Mfereji una kina cha mita 1.5. Kuta ziliporomoka mara mbili, tukaegemeza mbao. Tunavuta maji kwa pampu, chini mchanga unachemka, ukikanyaga unazama hadi kwenye vifundo. Fundi kasema tumwage kokoto.

Udongo_Kwanza: Hilo ungelisema mwanzo. Hapo pampu inavuta, maji yanapanda kutoka chini na kunyanyua chembe. Tetemeko litafanya vivyo hivyo chini ya nyumba nzima. Kokoto zitafunika tu. Zima pampu, ahirisha zege, pima udongo: nyundo ya kilo 63.5 inadondoshwa toka sentimita 76, yanahesabiwa mapigo ya kuzamisha bomba la kupimia sentimita 30 za mwisho. Chini ya 10, mchanga ni mlegevu. Pima kila mita 1.5 hadi mita 15.

Mwanaujiji: Na ukikutwa mlegevu hadi chini?

Udongo_Kwanza: Kushindilia kwa juu hakufiki huko. Nondo zako zipeleke kiwanja cha mlimani.

Mwanaujiji: Nampigia fundi sasa hivi.