Mpunga mwekundu unaopukutika umeingia kwenye mpunga wangu wa aina ya SARO 5, nifanyeje?

Kijana wa Magu:
Shikamooni wakubwa. Majaruba yangu yako bondeni, upande wa mto Simiyu. Nimepanda SARO 5, mbegu ya mavuno yangu mwenyewe. Sasa kuna mipunga imeipita mingine kwa urefu, na ukishika suke tu punje zinakubakia mkononi wakati mpunga wenyewe bado mbichi. Mingine ina ganda jeusi lenye nywele ndefu, mingine ina ganda la kawaida kabisa. Mashineni mchele ukatoka na michirizi myekundu, mnunuzi akashusha bei palepale. Mbona ni wa aina nyingi hivi? Na dawa yake ni ipi?

Mzee wa Nyegezi:
Pitia duka la pembejeo, piga dawa ya magugu. Unahangaika nini?

Mama Mbegu, Misungwi:
Marahaba mwanangu. Kaka yangu wa Nyegezi, hapo sikubaliani nawe. Dawa ya kupiga mpunga ukiwa shambani huacha mpunga na kuua magugu, na huyu naye ni mpunga. Marekani walianza kulima mpunga unaostahimili dawa maalumu mwaka 2002. Ule mwekundu ukachavushana nao, nao ukapata ustahimilivu uleule.

Kuhusu aina nyingi: mpunga hujichavusha wenyewe, na maua yanayopokea chavua (unga wa maua) ya jirani kwa kawaida hayafiki asilimia 1. Lakini jaruba moja lina maua mangapi? Huo uchache unatosha. Mtoto wa kwanza wa mchanganyiko huwa mrefu, mwekundu na mwepesi kupukutika. Wajukuu ndio wanaogawana: mmoja anachukua nywele, mwingine ganda jeusi, mwingine anafanana na SARO mpaka unampita bila kumtambua.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo linaloharibu mbegu za watu wengi. Wekundu uko kwenye ngozi ya punje chini ya ganda, na ngozi hiyo ni ya mmea mama. SARO ikipokea chavua ya mpunga mwekundu, punje yake ukiikoboa ni nyeupe safi. Uipande sasa: mmea utakaoota utazaa nyekundu. Kwa hiyo kukoboa sahani moja na kuona mweupe mtupu kunakuonyesha tu kwamba hakuna punje nyekundu zilizochanganyika. Hakukuambii kama chavua iliingia. Mbegu huchaguliwa shambani, mpunga ukiwa umesimama. Huo wa msimu huu uza wote, usibakize hata debe la mbegu. Nunua iliyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu Tanzania.

Msengerema:
Mimi naongeza: chimba shina moja kwanza. Ukikuta mizizi minene inayotambaa chini kama ya nyasi za sangari, huo ni mpunga pori wa kudumu, si huu anaoueleza mama. Ule plau inaukatakata na kuusambaza. Unang'olewa kiangazi, mizizi inaanikwa juani.

Kijana wa Magu:
Nimechimba, hakuna mizizi ya kutambaa. Asante mama. Na zile punje zilizokwishaanguka?

Mama Mbegu, Misungwi:
Usilime mara baada ya kuvuna. Punje ikizikwa inalala ardhini miaka kadhaa; ikibaki juu, ndege na panya wanaila. Kama udongo wako ni wa mbuga, yaani mfinyanzi mweusi, panda dengu kwa unyevu uliobaki bila kugeuza udongo kwa kina, na mpunga wowote utakaoota kwenye dengu ung'oe. Mvua za kwanza ziache ziuoteshe, ndipo uuvuruge kwenye tope. Kisha usimwage mbegu, pandikiza miche kwa mstari, na maji yatuame mapema ili punje za chini zisiote. Kinachoota katikati ya mistari si chako, king'oe kabla hakijachanua. Na maksai wa kuazima wasiingie na plau yenye tope la jaruba la mwenzako, mwambie mwenyewe aioshe kwanza.