Tupeane uzoefu: betri ndogo ya haibridi ilipokuishia chaji bila wewe kujua

Mzee wa Nzuguni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Wiki mbili zilizopita nilibakiza kidogo nitoe mamilioni kununua betri kubwa ya Prius yangu, toleo la namba 30, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Kumbe betri kubwa ilikuwa nzima kabisa. Iliyokufa ni ile ndogo ya volti 12, na aliyeimaliza ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya sendofu ya binti wa kaka yangu, ukumbini huko Area D. Tulifika mapema, na jua la Dodoma la mwezi wa kumi mnalijua. Mama watoto na wadogo wawili wakabaki garini, nikabonyeza kitufe ili wapate feni na redio. Dashibodi ikawaka yote, redio ikaimba, hewa ikapuliza. Gari la haibridi halingurumi, kwa hiyo ule ukimya haukunishtua. Kosa langu ni kwamba sikukanyaga breki. Ukibonyeza bila breki, hata mara mbili, gari halifiki READY (tayari kwa safari), linaishia ON (umeme tu), na likiwa hapo kila kitu kinanyonya betri ndogo na hakuna kinachorudishwa. Mama watoto aliniuliza, "Baba nanihii, mbona AC inapuliza moto?" Nikamwambia ni joto la nje. Kompresa ya AC ya gari hili inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, na betri kubwa ilikuwa bado haijaunganishwa. Yeye aliiona dalili mapema, mimi nikaipuuza.

Baada ya kama saa moja na nusu kila kitu kikazima. Nikakanyaga breki, nikabonyeza: taa zinapepesa, chini ya dashibodi tik tik tik, basi. Kulisukuma haiwezekani, maana P ya Prius inafungwa kwa umeme. Watoto wakarudi nyumbani na bajaji.

Fundi niliyeitiwa alikuja na waya nyembamba, akalishtua, yaani akaazima umeme kutoka kwenye betri ya Noah. Dashibodi ikarudi lakini imejaa alama, na pembetatu ya tahadhari juu. Akatingisha kichwa: "Mzee, betri ya haibridi imekufa, hapa ni kubadilisha." Usiku ule nilikaa sebuleni nikipiga hesabu ya ada na hesabu ya betri, hazikukutana.

Asubuhi jirani yangu anayefanya kazi Mtumba akaja na mita ya shilingi chache tu. Akapima ile ndogo: volti 5.8. Akaniambia, "Kaka, kabla hujailaumu kubwa, ilishe kwanza hii. Kompyuta za gari haziwezi kusema kweli zikiwa na njaa." Tukaitoa kwenye buti, upande wa kulia, tukaichaji kwa ampea 3 usiku kucha na nusu ya siku iliyofuata. Ilipopumzika saa chache mita ikasoma 12.7. Nikairudisha, breki, kitufe, READY. Pembetatu ikaondoka.

Naomba aliyewahi kukutwa na hili aeleze. Mjini kwetu haibridi zimekuwa nyingi na nahofia kuna watu wanauziwa betri kubwa wasizozihitaji.

Mama Wawili, Kisasa

Pole sana mzee wangu. Mimi nina Aqua, haibridi nyingine ya Toyota, na kwangu haikuwa siku moja. Nilikwenda Dar kwa SGR, kazi ya siku nne ikawa wiki tatu. Gari nililiacha uani likiwa na kamera ya dashibodi ambayo fundi aliiunganisha moja kwa moja kwenye betri, haizimi hata gari likizima. Halafu ule ufunguo wa akiba ulikuwa umetundikwa ukutani, upande wa pili wa dirisha gari linapolala. Nimekuja kujua kwamba ufunguo wa aina hii ukiwa karibu, gari linaendelea kuutafuta na kujibizana nao, na hilo nalo ni chaji inayotoka.

Lililoniumiza si kuisha chaji. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Niliitoa, nikaipakia bodaboda hadi kwa fundi betri, naye akaiweka kwenye mstari mmoja na betri za malori, mashine ikiwa juu, mpaka asubuhi. Niliyokabidhiwa ilikuwa ya moto, ubavu umevimba, inanuka yai viza. Nikauziwa nyingine, ya maji, ya kawaida. Baada ya siku kadhaa mtoto wangu mdogo anakohoa kila tukipanda gari. Nilidhani ni vumbi la Kisasa. Hapana. Betri ile ilikuwa haina kimrija cha kutolea hewa nje, inapumulia ndani tulimokaa sisi. Niliitoa siku hiyohiyo. Wenye watoto, tafadhali angalieni hilo kabla ya bei.

Fundi Umeme, Nkuhungu

Dada hapo juu amesema jambo zito na ningependa kila mtu alisome mara mbili.

Ngoja nieleze kazi ya betri hii, maana wengi wanaifikiria kama ya gari la kawaida. Prius na Aqua hazina stata (ya kuwashia injini) wala altaneta (ya kuchajia betri). Injini inazungushwa na mota inayotumia betri kubwa: Prius ya 20 na ya 30 ni volti 201.6, Aqua ni 144. Betri ndogo haizungushi injini. Inaamsha kompyuta na kufunga rilei (swichi za umeme) zinazoiruhusu kubwa iingie kazini, na zile tik tik ni rilei zikijaribu na kushindwa. Gari likishafika READY, kuna kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa mpaka kama volti 14 na kuirudishia ndogo. Ndiyo maana betri kubwa inaweza kuwa imejaa na gari bado likawa kama jiwe.

Na kwa kuwa haizungushi injini, inakufa bila kuaga. Gari la kawaida linakupa taarifa kwa stata kuwa nzito asubuhi. Haibridi inawaka vizuri leo na betri ya volti 11.9, kesho hata mlango haufunguki kwa rimoti. Pimeni gari likiwa limelala usiku mzima: 12.6 na kuendelea ni salama, 12.2 ni nusu, ikigusa 12 nunua muda kwa kuichaji. Ikishaachwa tupu siku nyingi hairudi tena kama mwanzo hata uichaji vipi.

Nyingi zilizokuja na magari haya ni za AGM, zimefungwa, hazijazwi maji. Hizo zinataka chaji ya upole, ampea 2 hadi 4, na chaja isiyopita takriban volti 14.4. Mashine ya betri za malori inazipika, kama ilivyompata Mama Wawili. Ukinunua mpya, shika kile kimrija cha hewa mkononi uone kimechomekwa na kinatoka nje ya bodi. Ukiona fundi anakirusha pembeni, mrudishe.

Kushtua: kwenye Prius huna haja ya kufika kwenye buti. Fungua boneti, boksi la fyuzi, kuna kifuniko chekundu chenye alama ya kujumlisha. Waya mwekundu hapo, mweusi kwenye chuma kitupu cha bodi au injini, si kwenye rangi. Mkigeuza nyaya, hata sekunde moja, mnaunguza fyuzi kubwa na pengine kile kifaa cha kushusha umeme, na hapo ndipo gharama inapokuwa ya kweli. Waya za rangi ya machungwa usiziguse kabisa.

Dereva wa Singida

Kwangu ilikuwa kando ya barabara karibu na Manyoni, saa tano usiku, Prius ya 20. Nilisimama kulala kidogo, nikaacha taa na redio. Nilipoamka gari halijitambui. Betri iko kwenye buti, buti linafunguka kwa umeme, na umeme hakuna. Wakati huo sikujua habari ya kifuniko chekundu. Nililaza viti, nikatambaa juu ya magunia mawili ya vitunguu na tochi mdomoni, nikakitafuta kile kitasa kidogo cha dharura kilichofichwa ndani ya mlango wa nyuma. Kipo, ila mizigo ikijaa unaumia.

Akasimama dereva wa lori. Mimi na haraka zangu nikamwambia tuunganishe. Akanizuia mkono. Akasema lori lake ni volti 24, akiniunganishia zote ananichomea gari. Akafungua sanduku la betri, akachukua moja tu kati ya zile mbili, na waya zikaingia hapo. READY ikawaka papo hapo. Alikataa hela, akaomba maji ya kunywa. Kila nikipita pale namkumbuka.

Kijana wa Chang'ombe

Fundi, jirani ana Noah, betri yake mbovu, kila asubuhi anataka nimbusti na Aqua. Naruhusiwa?

Fundi Umeme, Nkuhungu

Hapana mdogo wangu. Haibridi ipokee, isitoe. Stata ya Noah inavuta ampea nyingi mno kwa mara moja, na ile betri yako ndogo pamoja na kifaa kinachoilisha havikutengenezwa kwa mzigo huo. Mwambie jirani kwa adabu, ataelewa.

Mama Wawili, Kisasa

Na kwa wanaosafiri wiki kadhaa, mimi sasa natoa waya wa hasi. Nikiwa safari ndefu zaidi namwachia mdogo wangu ufunguo, analiwasha kila baada ya wiki mbili, READY, gia kwenye P, kama saa nzima. Alikuwa anaiweka N, nikamkataza, kwenye N betri kubwa haichajiwi. Maana kubwa nayo ikiachwa miezi inajimaliza yenyewe.

Mgeni, Iyumbu

Samahanini kuingilia. Nimesoma uzi huu nikiwa ndani ya gari, Prius ya 30. Nilikuwa namsubiri mwanangu chuoni, nikabonyeza bila breki kama mzee alivyosema. Dashibodi inapepesa. Kuna kijana hapa ana waya, anataka kufungua buti.

Mzee wa Nzuguni

Mama, mwambie kijana asubiri kwanza. Usibonyeze tena kitufe, kila ukijaribu unaipunguza. Niko karibu na Nanenane, nina waya nene na mita. Fungua boneti, tafuta kifuniko chekundu, kitazame tu usikiguse. Nitumie mahali ulipo, dakika ishirini nitakuwa hapo.