Ushauri: basi kuukuu linavuja na kutoa jasho, tunataka kulihamia Bahati, Nakuru

Mkaazi_Bahati
Wadau, habari za jioni. Tunaomba ushauri kabla hatujatumia hata shilingi ya mbao. Basi lilikuwa la abiria 51, bodi ya chuma iliyoundwa hapa nchini juu ya chesisi ya lori, springi za vyuma, breki za upepo, umeme wa volti 24. Viti vimeshatolewa. Limeegeshwa shambani Bahati, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Tutaishi humo mume, mke na mtoto wa miaka minne, na tunataka liweze kwenda Kisumu mara mojamoja, lisigeuke kibanda.

Tukilala humo, asubuhi dari yote imelowa hata kama mvua haikunyesha. Mvua ikinyesha, maji yanadondoka juu ya mlango wa nyuma. Fundi anasema tupige lami paa lote, kisha tujaze pamba ya vioo ndani na kufunika kwa plaiwudi. Ni sawa? Pia tunauliza sola ya kiasi gani inatosha friji ndogo, taa, TV na kompyuta. Maji tutachota kwenye kisima kirefu cha jirani, na tangi la lita 500 tunafikiria kuliweka nyuma kabisa, chini ya kitanda.

Nyundo_na_Riveti
Lami hapana. Mchana paa la chuma hutanuka, usiku husinyaa, na lami ikizeeka hupasuka palepale penye maungio. Ikishapasuka, hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake mpaka uikwangue yote.

Hayo ni matatizo mawili tofauti, msiyachanganye. Anzeni na kuvuja. Maji yanapodondokea sipo yanapoingilia, kwa sababu hutembea juu ya mbavu za paa hadi yapate pa kuangukia. Ng'oeni dari ya zamani yote. Mmoja akae ndani na tochi na chaki, mwingine apande na mpira wa maji. Anza chini, kwenye mistari ya madirisha, mwagia eneo moja dakika tano, kisha panda kidogo. Ukianzia juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua tundu ni lipi. Kwenye basi la aina hiyo angalieni kwanza bolti zilizoshika keria ya mizigo juu ya paa, fremu ya tundu la hewa, na riveti za pembe ya nyuma, maana bodi hujinyonga hapo gari likipita kwenye mashimo.

Riveti inayocheza itolewe kwa drili. Kama ni ya milimita 4.8 na tundu limepanuka, weka ya 6.4, ile iliyozibwa mwisho isipitishe maji, na uichovye kwenye gundi ya poliyurethani kabla ya kuipiga. Silikoni ya bafuni msiitumie: rangi haishiki juu yake, na mabaki yake huzuia gundi nyingine kushika. Keria nayo iondoke. Paa likikauka, lipakwe rangi nyeupe.

Mkiwa bado hamjafunika kitu, gongeni sakafu na nyundo juu ya magurudumu na pembeni mwa buti. Chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa na kutu hutoa mlio mzito uliokufa. Hapo pakatwe na kuchomelewa upya, lakini toeni kwanza nyaya zote za betri na za alteneta, la sivyo daiodi za alteneta zitaungua. Vyuma virefu vya chesisi vyenyewe visitobolewe kwenye kingo za juu na chini, wala fundi yeyote asivichomelee kitu.

Dada_wa_Mamboleo
Naongezea kuhusu jasho. Watu watatu wakilala usiku kucha hutoa hadi karibu lita moja ya maji kwa kupumua na kwa jasho la ngozi. Gesi ya kupikia nayo, kila kilo moja ikiungua hutoa takriban kilo moja na nusu ya maji kama mvuke. Mvuke huo ukigusa bati lililopoa hurudi kuwa maji. Ukiweka pamba ya vioo, mvuke utapita katikati yake, ugande nyuma kwenye bati, na pamba ibaki imelowa pale usipopaona. Baada ya mwaka mmoja mtafungua plaiwudi mkute kutu.

Tumieni shiti za povu gumu lisilonyonya maji, unene wa milimita 25 au zaidi, zikatwe zikae kwa kubana kati ya mbavu na zigandishwe kwenye bati pasiwe na nafasi ya hewa nyuma. Gundi ya viatu isikaribie povu la polistireni, maana hulila likabaki mashimo. Mbavu zenyewe mkiziacha wazi zitatoa jasho kwa mistari, kwa hiyo kabla ya plaiwudi pigeni juu ya kila ubavu ukanda wa povu au mpira wa milimita 10. Viungo vyote vipitishwe tepu.

Hata baada ya hapo hewa lazima itembee usiku na mchana: tundu moja karibu na sakafu, lingine darini upande wa pili, kila moja sentimita 10 kwa 10, na wavu wa mbu. Mkifika Kisumu mtaushukuru huo wavu. Na huku kwetu Kisumu msiegeshe uwanda wa Kano wakati wa mvua, ule udongo mweusi humeza basi hadi ekseli.

Waya_Nyekundu
Umeme. Hesabu kwa siku: friji ya kompresa wati-saa 600, kompyuta na simu 300, TV 160, taa nne 100, pampu ya maji 20. Jumla karibu 1,200. Jua la Nakuru lihesabiwe saa tano, toa thuluthi kwa upotevu, mtapata kwamba wati 350 zinatosha siku nzuri. Lakini Julai kuna siku za mawingu mfululizo, kwa hiyo wekeni paneli mbili za wati 400. Betri ya lithiamu ya volti 24, ampia-saa 100, ina takriban wati-saa 2,500. Mkitumia asilimia 80 mnafika siku moja na nusu bila jua. Mkichukua betri za asidi, nunueni zenye ujazo maradufu, maana zikishuka chini ya nusu kila siku hufa mapema.

Kidhibiti cha chaji ya sola kiwe cha MPPT (aina inayogeuza volti za paneli zifae betri), volti 150, ampia 35. Inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, ya wati 1,500 inatosha. Nyaya za betri hadi inveta ziwe za milimita mraba 25, fyuzi ya ampia 100 ikae sentimita 20 tu kutoka betri. Fyuzi ikiwa mbali, kipande cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi, na moto wa gari huanzia hapo. Ile shawa ya umeme ya papo hapo isahauni, hula zaidi ya wati 4,000.

Kosa ninaloomba msilifanye: kuchukua volti 12 za redio au taa kutoka betri moja kati ya zile mbili za gari. Betri moja hushuka, nyingine huchajiwa kupita kiasi, na zote mbili hufa. Nunueni kigeuzi cha 24 kwenda 12. Betri za nyumba zisiguse za kuwashia injini hata kidogo.

Paneli zilale karibu bapa, tuko karibu na ikweta. Inueni kidogo upande mmoja ili mvua ioshe vumbi, na acheni nafasi ya sentimita 6 hivi chini yake. Hewa ikipita hapo paneli hupoa, na paa linapata kivuli. Zifungwe kwenye mbavu, kwenye matundu yaleyale ya keria.

Ekseli_Mbili
Tangi la nyuma kabisa linanipa wasiwasi kuliko vyote. Lita 500 ni kilo 500. Tuseme ekseli zimeachana mita 5.5, na tangi liko mita 2.5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma itaongezewa kilo 727, na ya mbele itapunguziwa 227. Usukani unakuwa mwepesi na tairi za mbele hazishiki vizuri, na ninyi mna mteremko mrefu kutoka Mau Summit kwenda Kisumu. Wekeni matangi mawili ya 250 katikati ya ekseli, kila moja upande wake, yafungwe kwa mikanda ya chuma kwenye fremu. Kisheria mwisho ni tani 8 mbele na tani 10 nyuma kwa ekseli ya tairi nne, ila jengeni mbali na kikomo hicho.

Basi likikaa muda mrefu, upepo wa breki huisha na springi hufunga magurudumu ya nyuma. Hiyo ni kawaida, lakini bado wekeni vigingi vya mbao. Fungueni vali za chini za matangi ya upepo mmwage maji. Someni tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Bodi ikishabadilika, logibuku ibadilishwe kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe, na kampuni ya bima iambiwe si gari la abiria tena.

Mama_Chujio
Wengine wameyapita maji ya kisima, na hapo kuna mtoto. Visima virefu vingi vya Nakuru vina floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, huizidisha, maana maji hupungua nayo inabaki. Mtoto wa miaka minne meno yake ya ukubwani yanajengeka sasa ndani ya fizi, na madoa ya kahawia hayatoki tena. Pimeni kisima. Ikizidi, maji ya kunywa na kupikia yatoke kwenye mvua au yapite chujio la mkaa wa mifupa, na kisima kibaki cha kuoga na kufua.

Mkaazi_Bahati
Asanteni sana, tangi linahama na lami tumeikataa. Moja lililobaki: Julai baridi ya huku ni kali. Jiko la makaa lililoshika vizuri, lisilo na moshi, linaweza kuingizwa nusu saa kabla ya kulala?

Dada_wa_Mamboleo
Hapana, hata dakika kumi. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hutoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, na haina harufu. Mtu husikia kichwa kizito, anadhani ni usingizi. Mkishaweka povu, chupa ya mpira yenye maji moto na blanketi mbili zitatosha. Mtungi wa gesi nao ukae kwenye sanduku linalofunguka nje tu, lenye tundu la sentimita 5 sakafuni, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa, hushuka. Kipima gesi kiwe sentimita 15 kutoka sakafu, cha monoksidi kiwe usawa wa mto wa mtoto, na vyote mvijaribu kwa kitufe kila wiki.