Nyumba ya Marekani ya miaka ya 1950 kwenye Minecraft inanitokea kanisa, nisaidieni

BintiMaweni
Salaam wadau. Seva yetu ya Minecraft, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa bloki, ni ya watu sita hapa Malindi, na mtaa tunaojenga ni wa Marekani ya miaka ya 1950: nyumba ndefu za chini, gereji ubavuni, nyasi mbele. Yangu haikubali. Urefu 21, upana 11, kuta bloki 5 kwenda juu, zege la waridi, mlango katikati, madirisha ya 1 kwa 2 yamepangwa sawasawa, paa la ngazi (zile bloki zenye umbo la ngazi). Rangi nimeshabadilisha mara tatu. Ukisimama barabarani unaona kanisa la waridi. Tunacheza kwa kujitafutia vitu, si ile modi ya kupewa kila kitu, kwa hivyo ukinishauri nipe na hesabu.

FundiSlabu
Dada, rangi iache kwanza, haina kosa. Kosa ni ngazi. Paa la ngazi hupanda bloki 1 kwa kila bloki 1, yaani digrii 45. Kwa upana wa 11 na upenu wa bloki 1 kila upande unapata safu 13, na mgongo wa paa unafika bloki 7 juu ya kuta. Juu ya kuta za 5! Nyumba za aina hiyo paa lake lilikuwa limelala, kama 1 kwa 4 hivi. Sisi watu wa pwani jicho limezoea makuti, na makuti yasipoinama sana maji hayakimbii, yanaoza. Wao waliezeka vigae vya lami, hawakuhitaji mwinamo huo.

Fanya hivi. Shusha kuta ziwe 3. Paa lijenge kwa slabu, zile nusu bloki zinazokaa nusu ya chini au ya juu ya nafasi, ukipanda nusu bloki kila baada ya safu 2:

safu 1–2: slabu ya chini
safu 3–4: slabu ya juu, kimo kilekile
safu 5–6: slabu ya chini, bloki moja juu zaidi
safu 7: slabu ya juu, ndio mgongo

Upande wa pili unateremka vivyo hivyo. Paa zima linakula bloki 2 tu za kimo. Urefu ni 23 ukihesabu upenu, kwa hivyo 23 mara 13 ni slabu 299. Bloki 3 zinatoa slabu 6. Usianze kuchonga kabla hujasoma la pili.

La pili ni ukuta wa pembetatu wa ubavuni, hapo ndipo wengi wanapokwama. Chini ya slabu ya juu hubaki pengo la nusu bloki, na huwezi kuliziba kwa slabu ya ukuta kwa sababu slabu za aina mbili hazikai nafasi moja. Basi juu ya ukuta huo, safu ya 3, 4, 7, 10 na 11, weka slabu mbili za paa lenyewe ziwe bloki nzima. Ni 5 kila ubavu, 10 jumla. Sasa ni 309, chukua bloki 156 utabakiwa na slabu tatu. Mimi hutumia yale mawe meusi ya chini kabisa ya ardhi (deepslate), yaliyochongwa vigae. Hayashiki moto radi ikipiga.

Kipepeo_Silversands
Naunga mkono paa. Ila hata ukilishusha, madirisha yaliyojipanga kama askari yatakuponza. Nyumba hizi uso wake haukuwa na ulinganifu. Gawa ule urefu wa 21 hivi: ukuta 1, nyumba 12, ukuta 1, gereji 6, ukuta 1. Sebuleni toboa dirisha moja kubwa, 5 kwa 2, kuanzia bloki ya pili kutoka sakafuni. Vyumba vya kulala vipe kipande cha 3 kwa 1 juu kabisa chini ya upenu, kitanda kikae chini yake na jirani asichungulie. Mlango usogeze uwe karibu na gereji.

Tumia vioo vyembamba, si bloki za kioo. Vioo 6 vinatoa vyembamba 16, na kwa kuwa hukaa katikati ya bloki, dirisha linapata kina na kivuli. Ukuta usio na kivuli ndio unaofanya nyumba ionekane ya katoni.

Zege la waridi linapiga kelele. Mbao za mcheri ni waridi iliyopoa, zipo tangu toleo la 1.20 la mchezo, na zina slabu na ngazi zake, zege halina. Mbele, ule upande wa nyumba wa bloki 14, safu ya chini jenga matofali. Ukitoa mlango ni bloki 13, yaani madonge 52 ya udongo wa mfinyanzi ya kuchoma.

BintiMaweni
Zege sitaki kuliacha lote, gereji nataka iwe nyeupe. Halafu FundiSlabu, safu ya 3 inanikataa. Nikibandika slabu ubavuni mwa ile ya safu ya 2 inakaa chini kila mara.

FundiSlabu
Haikukatai. Slabu ya chini ina ubavu wa nusu ya chini tu, kwa hivyo chochote unachokibandika hapo kinakaa chini. Weka donge la udongo wa kawaida juu ya nafasi ya safu ya 3, bloki moja juu yake. Simama chini, gonga tumbo la lile donge: slabu itaning'inia juu. Kutoka hapo endelea kwa kugonga nusu ya juu ya ubavu wa slabu uliyoiweka. Donge moja linatosha safu nzima. Kwa safu ya 5 geuza: donge likae chini ya nafasi, ugonge kichwa chake. Ukimaliza yavunje madonge yote.

Zege: mchanga 4, kokoto 4, rangi 1, unapata bloki 8 za unga wa zege. Unga huanguka kama mchanga, basi usiupange hewani. Jenga nguzo ya unga, mwaga ndoo ya maji juu, ugumu unakuja papo hapo. Kulivunja tumia sururu, mkono mtupu haukurudishii kitu.

Mwamu_wa_Mkomani
Assalamu alaykum. Mmemaliza paa lakini hakuna aliyetaja usiku. Slabu ya chini wale viumbe wabaya wa gizani hawazaliwi juu yake. Slabu ya juu wanazaliwa kama kwenye bloki nzima. Kwa mpangilio huo dada ana safu 5 za urefu wa 23, nafasi 115 za kripa, yule kiumbe anayelipuka, kukusubiri utoke asubuhi. Tangu 1.18 wanahitaji giza kamili, mwanga 0, kwa hivyo taa chache juu ya mgongo zinatosha.

Na kama mtaa una kiwanja kimoja kilichobaki, msijenge sita zinazofanana. California kulikuwa na mjenzi Joseph Eichler, nyumba zake nyingi zilikuwa na ukuta mtupu upande wa barabara, na katikati uwazi usioezekwa ambao vyumba vinautazama kwa vioo. Mtu wa Lamu anaielewa bila kuelezwa: ni kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba zetu za mawe. Upana wa 15, kiwanda cha 5 kwa 5, paa bapa, nguzo wazi za kuegeshea gari.

Kipepeo_Silversands
Hapo kwenye ukuta wa barabara zingefaa zile tofali za matundu, kama zilizojaa kwenye nyua za Malindi. Bloki yake haipo. Watu hukimbilia vimlango vya chuma vya sakafuni, halafu wanashangaa haviwezi kusimama: chuma hakifunguki kwa mkono, kinataka redistoni (umeme wa mchezo huu), na kimlango husimama wima kikiwa wazi tu. Vya mwaloni vina matundu na vinafunguka kwa mkono.

BintiMaweni
Na wavu wa shaba, ule wa 1.21? Ukizeeka si unakuwa ule ubuluu-kijani wa zamani?

Mwamu_wa_Mkomani
Huo ndio mzuri kuliko yote. Lakini usiujenge ukutani ungali mpya ukangoja. Shaba zikikaa karibu, ndani ya bloki 4, zinacheleweshana kuzeeka. Zitawanye kwanza uwanjani, kila moja mbali na mwenzake zaidi ya bloki 4. Rangi ikifika unapotaka, bofya kwa sega la nyuki, itasimama hapo hapo. Ndipo uchukue sururu uzihamishie ukutani. Iliyozidi kuzeeka ikwangue kwa shoka, inarudi hatua moja. Ila kama ulishaipaka nta, mkwaruzo wa kwanza unaondoa nta tu, usidhani shoka limeharibika.

BintiMaweni
Ahsanteni. Kuta nimeshashusha, naenda kutafuta mawe meusi.